Kijiti Nilichoking'oa Bondeni

Huku Mlimani,
Jumapili, 19 Mei.

Kwa Kaka yangu mheshimiwa Fidelis Mkude,
Bigwa.

Shikamoo Kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute ukiwa na nguvu, pamoja na shemeji Catherine na watoto, na ule mguu wako unaovimba majira ya baridi uwe umepata nafuu. Kuhusu hali yangu mimi mdogo wako, mwili hauna ugonjwa. Mengine nitayaeleza kwa mpangilio wake.

Mleta barua hii ni jirani yetu Yunusi, ambaye unamfahamu tangu utoto. Amebeba bahasha mbili nilizomwandalia: hii yako, na nyingine ya mkewe Mwanvita, aliyelazwa hospitalini hapo mjini. Nakusihi kwa heshima zote umpe kiti na maji ya kunywa, lakini usimruhusu aondoke kwako kabla hujafika mwisho wa karatasi hii.

Utakumbuka kwamba nilikuandikia maombi matatu nikitaka unikabidhi gobore la marehemu baba. Ulinijibu kwamba kuwaandikia watu barua ni kazi moja, na kumfuata mnyama aliyejeruhiwa ni kazi nyingine kabisa. Hatimaye ulikubali, kwa sharti kwamba nizishike taratibu za baba kama nilivyozishika sala.

Mwezi huu nguruwe pori mmoja alituharibia mahindi vibaya sana. Serikali ya kijiji ilinipa idhini ya kumwinda. Asia muuza maandazi akatangaza mbele za watu kwamba mimi nikishika bunduki nguruwe atakufa kwa kicheko, na kwamba ni heri nimwandikie barua ya kumwomba ahame. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yunusi peke yake alinitetea. Alisema mtu anayeandika bila kukosea hawezi kushindwa kulenga.

Jumatatu alfajiri nilimfyatulia risasi pembeni mwa shamba la Yunusi kule bondeni, naye akakimbilia kwenye matete. Niliporudi niliwaambia watu kwamba nimemkosa, ila mlio umemtimua, amevuka mgongo wa mlima na kuingia msituni, wala hatarudi. Walinishukuru. Hata Asia alinipa maandazi mawili.

Yunusi ni mtu wa tahadhari. Alimkataza mkewe kupita njia ya bondeni hadi yeye mwenyewe atakapomruhusu, kwa kuwa Mwanvita alikuwa na mimba ya miezi mitano, waliyoisubiri kwa miaka saba. Lakini Jumatano asubuhi Mwanvita alipita bondeni kwenda kuchuma maharage. Nguruwe alitoka kwenye matete akampasua paja. Tulimsikia akilia, tukashuka mbio na mapanga, nami nikamwua yule mnyama kwa risasi moja. Vijana walinibeba mabegani, Kaka. Mwanvita aliteremshwa kwa machela. Paja limeshonwa. Mimba imetoka.

Ijumaa wazee wa upande wa Yunusi na wa mkewe walikutana. Mwanvita alikuwa ametuma ujumbe kutoka hospitali kwamba hakumdharau mumewe. Alinikuta njiani asubuhi ile, akaniuliza kama bonde lina usalama, nami nikamjibu kwamba njia ni salama salimini. Wazee wakaniuliza. Nilisimama, nikavua kofia, nikasema kwamba sina kumbukumbu ya mazungumzo ya namna hiyo.

Yunusi aliinamisha kichwa. Alisema kwamba mimba kuharibika ni kudura ya Mungu, lakini mke aliyemwua mtoto kwa ukaidi, kisha akamsingizia jirani mwema, hawezi kulala naye nyumba moja. Jana akaja kwangu niandike talaka, na sababu zake zote ziwemo. Kurani anaisoma vizuri, lakini herufi zetu hizi huniachia mimi. Aliniomba nitumie maneno ya heshima, kwa sababu bado anampenda.

Kaka, sasa naomba usome polepole.

Baba alitufundisha kwamba risasi ikishatoka, kazi ndiyo kwanza imeanza. Usikimbie. Shindilia tena gobore palepale uliposimama. Kariri pale mnyama alipokuwa, uende uchomeke kijiti. Kisha kaa kimya, mnyama alale chini akiishiwa nguvu, kwani ukimfuata haraka utampa nguvu ya pili. Halafu soma damu. Yenye povu ni ya mapafu, hayuko mbali. Nyeusi yenye harufu na chakula ndani yake ni ya matumbo. Huyo ataishi siku nyingi na hasira zake. Ukiona hiyo, alisema baba, usile wala usinywe kabla hujawatangazia watu wote wasipite, kisha utafute wenzako mkamfuate hadi mwisho, kwa kuwa mnyama uliyemjeruhi ni wako kama alivyo mtoto wako.

Jumatatu ile nilishindilia gobore. Nilichomeka kijiti. Nilikaa kimya. Nilipokwenda kutazama nikaona damu nyeusi, na punje za mahindi yaliyotafunwa.

Sikumkosa, Kaka. Nilimpiga tumboni. Nikayatazama yale matete yalivyosongamana, nikaogopa. Nilijua kwamba nikitangaza damu, nitatakiwa kutangulia kuingia. Basi nikaifukia damu kwa mguu, nikaking'oa kijiti, nikakitupa mtoni.

Na Mwanvita aliniuliza kweli. Maneno ya salama salimini ni yangu.

Siku ile ya kumwua, nilishikilia kumpasua yule nguruwe peke yangu. Nilidai kwamba nyama itaharibika joto lisipotolewa upesi, jambo ambalo ni sahihi. Yunusi na wenzake Waislamu walikaa mbali na nguruwe, na vijana wetu niliwatuma wakakate majani ya migomba. Ndani nilikuta jeraha la siku mbili, limeoza. Nilizika matumbo yote, na risasi yangu ya kwanza ikiwemo.

Tangu jana nimefungua mdomo mara tatu mbele ya Yunusi, na mara tatu nimejikuta namwuliza habari za mahindi. Kwenye simu ningekudanganya hata wewe. Kitu pekee ninachokiweza bila kutetemeka ni kuandika.

Kwa hiyo naleta kwako ombi langu la nne. Kabla hajakanyaga hospitali, msomee barua hii kwa sauti, tangu shikamoo. Usiruke neno, na usinipunguzie. Kisha nenda naye kwa Mwanvita, asikie kwamba hakusema uongo. Gobore nimemkabidhi mwenyekiti asubuhi ya leo, na kesho nitayarudia haya mbele ya wazee, nikiwa na karatasi mkononi ili nisikwepe. Sitahama. Yunusi akirudi atanikuta nyumbani, mlango ukiwa wazi.

Akitaka kujua bahasha ya mkewe imeandikwa nini, mfungulie aone. Ni karatasi tupu. Niliifunga bahasha mbele ya macho yake, naye akanishika mkono akanishukuru.

Msalimie shemeji na watoto. Yunusi naye msalimie, ikiwa ataipokea salamu yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Emmanuel Mkude