Shefu Hakujua Tangi Iko Wapi

Siku ya ine, mangaribi

Na sijuti.

Miezi sita nilipima ile nyumba ya zamani ya wakati wa Wabeleji, chumba kwa chumba, ili serikali itoe feza ya kuitengeneza. Dosiye, zile karatasi zote za kuomba feza, ilipoisha, Papa Anselme, shefu wangu, alifuta jina langu, akatia lake. Nilipomuuliza akajibu tu, "Maman, dosiye ni ya biro, si ya mufanyakazi mumoja."

Leo watu wa komisyo ya serikali walikuja kuangalia nyumba mbele ya kukubali kutoa feza. Bibi mumoja akamwambia Papa Anselme, "Uliandika kama kuko tangi ya mawe chini ya nyumba, ya kushika maji ya mvua. Utuonyeshe."

Akafungua jikoni. Akafungua depo. Akafungua choo, akabaki anaangalia ndani. Jasho ilikuwa inamushuka kwa shingo.

"Maman Noëlla, unikumbushe kidogo."

Nilikuwa nimesimama juu ya kifuniko cha ile tangi. Nikamujibu kwa heshima, "Papa Shefu, si ni wewe uliandika?"

Yule bibi akafunga karatasi zake. Akasema watarudi siku mwenye dosiye atakuwa anaijua nyumba yake.

Walipoenda, Maman Zawadi, mwenye kulinda pale, akaniuliza, "Sasa ule ukuta wa nyuma?" Ulikuwa unangojea ile feza. Umeinama, na mvua imeanza. Ukianguka mbele ya wao kurudi, kosa itakuwa yangu pia, najua.

Mungu anisamehe juu ya ukuta. Juu ya Papa Anselme, siombi musamaha.