Pale Mama Alipoingia Katika Wimbo

Wembley, London

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Mguu wako vipi, bado unavimba? Na hapo nyumbani, mmeanza kuzoea kuwa mama hayupo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kazi ni ile ile ya kusafisha uwanja mechi zikimalizika, na baridi ni ile ile.

Uliniuliza kwenye simu kama nimelia. Sijalia. Mama mlimzika siku ile ile, kama ilivyo ada yetu, nami habari zilinikuta kazini na ufagio mkononi. Nikamaliza kufagia. Tangu hapo nina ganzi kama mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Unaikumbuka ile albamu ya vijana wa Kizungu, magitaa makavu, besi nzito, mwimbaji kama kaamshwa kwa nguvu? Nilikuja nayo likizo kwenye kaseti, ukaipenda, ukabaki nayo. Kisha mama akataka kunitumia salamu na kaseti tupu hamna. Ukaviziba kwa karatasi vile vitundu vya kaseti vinavyozuia kurekodi, ukamrekodi katikati ya wimbo wa tatu! Nilipoipokea nilicheka mpaka mbavu zikauma. Miaka mingi nikaisikiliza hivyo hivyo: gitaa, kisha ghafla mama, "Hamudi mwanangu, ushakula?" Nami kila mara namjibu. Akishanisema kuhusu sala na sweta, gitaa linarudi, tayari wimbo wa nne. Mpaka redio ilipoitafuna.

Jumamosi nimeikuta albamu hiyo, CD, kwenye duka la mitumba. Nikaiweka sebuleni. Mwanangu Khalid akapita, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Baba, mbona muziki huu una huzuni hivyo, kafa nani?" Halafu akakumbuka, masikini, akaenda zake jikoni.

Wimbo wa tatu ukaanza. Nikakaa tayari. Gitaa likafika pale pa mama, likapita. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, mzima, safi, wala hamna mtu ndani yake. Nilikuwa nimeshausahau mwisho wake. Nikasema hata hivyo, "Nshakula, mama." Uongo mtupu, sahani ilikuwa mezani inapoa. Na machozi hayakuja.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo na macho yake, na yule jirani yetu wa ukuta mmoja aliyemkosha mama kabla ya kuvishwa sanda. Mwambie sijapata maneno ya kumshukuru.

Na ukinipigia Ijumaa, dada, kabla ya salamu zote, niulize kama nimekula.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Hamudi