Sanduku la Mtani Wangu Maganga

Jumanne, 4 Juni
Nimeanika mpunga, kuku wa jirani wameparua nusu. Nimewarushia ndala.
Nimefagia chumba cha uani alichopanga Mwalimu Maganga tangu nywele zangu nyeusi. Tumemzika Jumamosi. Mavi ya panya, mafuta ya taa, soksi. Kafundisha watoto wa hapa kijijini Maparoni kuchora maisha yake yote, kufagia chini ya kitanda hakujua. Nilimwambia akiwa hai. Nasema tena.
Chini ya kitanda sanduku la bati. Nimechungulia, karatasi tu zimejaa. Sikugusa. Si zangu.

Jumatano, 5 Juni
Deo, mwanawe, kaja na mkewe kwa boti ya Nyamisati. Viatu vyeupe kwenye tope letu. Maziko hakuyawahi, vitu kaviwahi. Kauliza redio iko wapi kabla hajauliza kaburi liko wapi. Nilitema mate.
Kafungua sanduku. "Takataka tu hizi, bibi."
Takataka! Kawachora watu wa hapa. Wanawake wanafukuza ndege mpungani. Dungu letu la shambani, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Saidi, marehemu mume wangu, boriti za mikoko begani, mishipa ya shingo imesimama. Saidi hakupigwa picha hata moja. Alisema picha ni za watu wasio na kazi. Kumbe yupo, kwa mkaa, na jasho lake. Nilikaa chini.
Nami nimo. Mdomo wazi kama kambale, nafoka. Kinyaa! Alinichora lini mshenzi yule?

Alhamisi, 6 Juni
Nimeamka, mke wa Deo anawashia moto wa chai karatasi za mkwewe. Eti kuni mbichi. Nimemwaga maji jikoni, na chai yake ikaenda. Dungu limeungua nusu.
Deo anasema zilizobaki atawapa wauza samaki wafungie. Uso wa Saidi ufungiwe samaki!
Nimekwenda kwa mwenyekiti. Mwenye baba ndiye mwenye mali, kasema, huku anachokonoa meno. Mtu mzima ovyo.

Ijumaa, 7 Juni
Kesho wanaanua tanga. Nimewaza mpaka kichwa kinauma.
Halafu nikakumbuka. Maganga Mnyamwezi. Sisi watu wa pwani watani wao. Saidi alipokufa, Maganga alivaa kanzu yake mbele ya waombolezaji, akaiga marehemu alivyokuwa akichechemea, akagoma kuivua mpaka tukaikomboa kwa jogoo. Nilimchukia siku ile. Na nilicheka. Mtani msibani anachukua atakacho, mfiwa hana ruhusa ya kununa.
Kumbe ninayo haki yangu, mjinga mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Nimevaa koti la Maganga, linanuka kikwapa. Watu wamejaa uani. Nikalikalia sanduku katikati yao.
"Nyie wapagazi! Babu zenu walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani, nyie sanduku la baba yenu limewashinda? Nabeba mimi!"
Watu wakaangua kicheko. Deo naye kacheka sana, kaleta jogoo. "Haya mtani, kuku huyo, teremka."
"Kakonda kama wewe. Sitaki."
Kaleta wa pili. Nikamwambia hata ulete ng'ombe. Hapo meno yakafichika. Akaanza kufoka. Mzee mmoja akamshika mkono: "Mwanangu, mtani hanuniwi. Na wewe umeshacheka, umekubali."
Nikalibeba kichwani. Zito. Shingo inauma mpaka sasa. Sikulitua njiani.

Jumatatu, 10 Juni
Wameondoka. Na redio. Hawakuniaga, afadhali.
Chumba nimekipiga deki, bado kinanuka panya. Karatasi zina unyevu. Nimezianika moja moja kwenye mkeka wa mpunga, nikakaa na fimbo kufukuza kuku. Saidi nimemweka karibu na dungu lake, ile nusu iliyobaki.
Yangu nimeianika mwisho. Mbaya ile ile.
Nimeiwekea jiwe, upepo usiichukue.