Siku Baba Aliponingoja Stesheni

Keko, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Mjomba Hamisi ametwambia mvua zimeanza huko Matombo na kwamba sasa unateremka mtoni bila fimbo. Tumefurahi sana. Sie wazima. Mkweo Zainabu anakuamkia. Tumbo limeanza kuonekana.

Mama, mjomba ameniletea shukrani zako. Eti nilimpokea baba vizuri, nikampakia kwenye pikipiki, tukala wali kwa nyama, naye akawahi kurudi kwa sababu ya nguruwe wanaovamia shamba. Nilimwitikia mjomba "ndiyo, ndiyo" huku nikitazama chini. Mama, hayo yote hayakutokea. Baba hakufika kwangu. Hatukuonana.

Nilikuwa nimemwahidi nitampokea stesheni kwa pikipiki, na asubuhi ile niliifuta hadi ikang'aa. Unajua niliinunua mbovu nikaifufua mwenyewe, kila nikitoka gereji. Ilikuwa imekaa barazani siku nyingi. Nikapiga kiki, kimya. Zainabu akasema, "Nenda kwa miguu, Salehe. Stesheni si mbali."

"Ngoja kidogo. Naijua hii."

Nikaanza kama tufanyavyo kazini, kitu kimoja kimoja. Petroli ilikuwamo na ilikuwa ikiteremka. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma, nikapiga kiki: cheche ikaruka, ya buluu, nzuri. Nikaziba tundu la plagi kwa kidole. Pumzi ya injini ikakisukuma kwa nguvu. Nikafungua kabureta, nikapuliza vitundu vyake, nikairudisha pamoja na plagi. Injini ikakohoa mara moja, ikafa.

Zainabu akatoka tena. "Mzee wa watu hajui mji huu!"

Nikamkaripia, nikamwambia baba hawezi kutembea mpaka huku. Uongo mtupu. Mtu aliyeshuka milima na mzigo kichwani angeshindwa kufika Keko? Nilitaka watu wa stesheni wamwone akipandishwa pikipiki na mwanawe.

Mwishowe nikajiuliza: petroli inaingia, moto upo, je, moshi unatoka? Nikaingiza waya kwenye bomba la moshi, ukagota. Nyigu walikuwa wamejenga humo, udongo mkavu umeziba kabisa. Nikautoboa, nikapiga kiki, ikawaka. Nilicheka kwa furaha, Mama. Nilicheka, na jua lilikuwa limekwisha pita utosini.

Stesheni nilimkuta mpagazi amekaa kando ya kikapu.

"Wewe ndiye Salehe?"

"Ndiye mie."

Akaniambia mzee alisimama mlangoni tangu gari la moshi lilipoingia. Kila pikipiki ikipita, anainua mkono. Gari la kwenda bara lilipokuwa tayari kuondoka, akapanda. "Nilimsihi akungoje kidogo," akasema. "Akanijibu, 'Mwanangu ana kazi nyingi, nisije nikamharibia kwa bwana wake.'" Ndani ya kikapu alichoniachia baba mlikuwa na ndizi, na mkeka uliomsukia mjukuu wako.

Nilidhani amerudi na hasira, na kila siku nilingoja habari ya kulaumiwa. Kumbe alipofika huko alinisitiri, hata kwako. Afadhali angenitukana mbele ya kijiji kizima.

Nisalimie dada Mwanaisha na shemeji, na babu mzaa baba. Mwalimu Kibwana anayekusomea barua hii naye nampa salamu, na namwomba yaliyomo yabaki kati yenu wawili.

Usimwulize baba neno, Mama, usije ukamfedhehesha. Nimekwisha omba ruhusa kazini. Jumamosi nakuja, na maneno haya nitamwambia mwenyewe, nimekaa chini mbele yake. Akinikaripia nitashukuru. Ninachoogopa ni kwamba atanishika mkono tu, aniulize kama nimekula.

Ni mie mwanao,
Salehe