Mkaa na Ndugu Yake

Jumamosi, 3 Mei

Jicho amekuja kunichagulia njiwa wa mashindano ya kupinduka angani. Wafugaji wote humwita hivyo. Humtazama njiwa jicho tu, akasema huyu wa kuruka, huyu wa kuzalisha, huyu wa sufuria. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu miaka kumi na tisa.

Tumewarusha wote ishirini. Walipinduka kinyumenyume pamoja, wakajikunjua, wakapanda tena. Vizuri! Mkaa peke yake alizidi kushuka, kampira keusi, mpaka karibu na paa ndipo akafungua mabawa.

Jicho akasema, "Shemeji, huyu atajiua. Hajui kujizuia. Nipe nikamchinje mimi, wewe huna moyo huo."

Kweli sina. Lakini mbona alimshika kwa mikono miwili, kama yai? Nimemwambia aje kesho.

Mume wangu alikuwa akisema, katika maisha yake yote amepata njiwa mmoja tu wa kweli. Mkaa huyo.

Jumapili, 4 Mei

Nimefanya jambo.

Nimevaa koti la marehemu — bila koti lile njiwa hawanisogelei — nikaingia bandani. Mkaa ana ndugu yake wa kiota kimoja. Rangi ile ile, kimo kile kile, ila huyo hapinduki hata kwa dawa. Nimewavua pete zao za plastiki, nikazibadilisha. 

Jicho alikuja, nikampa ndugu. Akaangalia pete tu, namba saba ya Mkaa. Jicho lenyewe hakulitazama! Haraka ya nini?

Dada yangu amenicheka kwenye simu. Eti tangu msiba namshuku hata muuza maziwa. Muuza maziwa anatia maji, lakini hayo ni mengine.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepita kwa Jicho bila taarifa, eti kurudisha bisibisi. Yeye yuko kazini. Nikachungulia bandani.

Yuko hai! Yule niliyempa. Kawekwa na jike jeupe, chumba chao wenyewe. Mke wa Jicho akasema mumewe anamlisha mkononi, hakuna ruhusa kumgusa.

Nikanywa chai, nikaaga. Mchinjaji gani huyu? Ila na mimi nimemdanganya.

Jumamosi, 17 Mei

Leo mashindano; mwamuzi huzunguka nyumba kwa nyumba. Kwangu kaja Jicho, na daftari lake. Hatukutazamana.

Dakika ya sita walipinduka kumi na wawili kwa mpigo! Kisha kumi na mmoja wakafunguka. Mmoja akaendelea kushuka. Jicho akaacha kuandika. Upindukaji ule anaujua. Akapiga kelele, "Fungua, baba! Fungua!" Daftari likaanguka, akakimbia nyuma ya ukuta.

Amerudi naye ndani ya shati. Anapumua. Bawa moja limevunjika. Akaniuliza polepole, "Shemeji, basi yule wa kwangu ni nani?"

Nikaligusa bawa. Wala yeye hakueleza kwa nini hakumchinja.

Kisha akasema Mkaa asiruke tena kamwe, akae kwake, azalishe, damu isipotee. Vifaranga tutagawana. Machozi yalimlengalenga. Ya njiwa, au ya rafiki yake? Au ya kunilainisha?

Nimewaacha nje, nimekuja ndani eti natafuta kitambaa cha kumfungia bawa. Kitambaa ninacho mkononi. Nimekaa nafikiri kwa kalamu. Angekuwepo marehemu mwenyewe, angempa? Pengine angempa, na chai juu.

Mlango wa gari la Jicho umefunguliwa. Sijasema ndiyo —