Betri za Kuanika na Gitaa la Elia

Jumamosi, Mbeya. Ukungu umekataa kuondoka mlimani Loleza tangu asubuhi, na mimi nimekataa kuondoka jikoni. Ndiyo Julai yetu hii: blanketi mabegani, chai ya tatu.

Mjukuu wangu kaniwekea wimbo kwenye simu. Eti ni wa zamani sana, wa Wamarekani waliokuwa wakipaka nyuso rangi nyeupe na nyeusi, wakitema moto na damu ya uongo jukwaani. Nimecheka. Mtoto anataka kumfundisha bibi yake kusonga ugali! Wimbo huo ndio ulionifundisha gitaa.

Ila mbona wanakimbia hivyo?

Acha nieleze, maana kumbukumbu zimeniamkia leo na sina pengine pa kuziweka.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, tulikuwa tunaishi Ilula, mkoani Iringa. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu wa maneno machache na koti moja. Kaka yangu Elia alikuwa utingo wa lori la kwenda Zambia. Safari moja akarudi na redio ya kaseti, gitaa lenye ufa, na kaseti ya hao watu wa rangi, ambayo alikuwa ameipiga njia nzima kutoka Tunduma mpaka betri zikachoka. Akanionyesha mikao mitatu ya vidole, akaniachia vyote, akapanda lori.

Baba alilitazama gitaa akatoa hukumu. Hicho ni chombo cha baa, na mtoto wa kike hakishiki. Elia akirudi, ataondoka nacho.

Kwa hiyo nilikuwa na muda wa safari moja tu. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyotaka gitaa lile libaki.

Betri mpya dukani hazikuwepo. Miaka ile hata sabuni ilikuwa bahati. Tukafanya kama kila nyumba ilivyofanya: unazitoa betri, unazianika juani juu ya bati, unazirudisha, redio inapata nguvu kidogo. Siku isiyo na jua haikuwa na muziki.

Sikujua kwamba betri zikichoka kaseti huzunguka polepole, na wimbo wenyewe huzama chini. Ningejuaje? Nilivyousikia mara ya kwanza ndivyo nilivyodhani umeimbwa. Mwimbaji aliyavuta maneno kama mzee anayetubu. Magitaa yao ya umeme yalinguruma taratibu, mithili ya kinanda cha kanisani. Na kadiri betri zilivyochoka, wimbo ulizidi kushuka. Mimi nikadhani ni baridi inayokaza nyuzi za gitaa langu, basi nikawa nazilegeza ili nilingane nao. Nikalegeza, nikalegeza, mpaka zikaanza kugonga mbao.

Vidole vilichubuka, vikaota sugu. Nilipiga jikoni, baba akiwa shambani kwenye nyanya.

Siku moja hakuwa shambani.

Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi. Akauliza, "Huo ni namba ngapi?" Alikuwa na maana ya namba katika kitabu cha nyimbo za kanisa.

Nikamjibu haumo kitabuni, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Akaniambia niupige tena. Haikupita wiki alikuwa ameutungia maneno juu ya mwana mpotevu, na kwenye sikukuu ya mavuno kwaya yetu ikauimba, mimi nikiwapigia gitaa, akina mama wakifuta macho kwa khanga. Nilidhani nimeshinda. Lakini tulipofika nyumbani baba akasema gitaa limetusaidia, na mwenyewe akija tutamrudishia na shukrani.

Mwenyewe akaja. Na betri mpya.

"Kamwene, baba," Elia akasalimia, akaketi uani, akazitia betri zake, na kabla sijamzuia akabonyeza.

Mungu wangu! Wimbo uliruka kama mbuzi aliyekata kamba. Kuku wakatawanyika. Yule mzee wangu anayetubu kumbe ni kijana anayepiga mayowe! Elia alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, hajui analoliharibu. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alikuwa anapukuchua mahindi. Mikono yake ikasimama. Nikaona midomo yake inajaribu maneno ya mwana mpotevu juu ya ile kasi, na maneno hayaingii. Akausikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kuona kasha la kaseti, na kaka yangu, kwa furaha zake, akampa: nyuso za rangi, mmoja katoa ulimi mpaka kidevuni.

Baba aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka. Moyoni nilikuwa nimeshaliaga gitaa. Machozi yalinilengalenga na sikuthubutu hata kuyafuta.

"Hawa bado," akasema, akirudisha kasha. "Ila wimbo wao umeshaokoka. Elia, mwachie mdogo wako hilo gitaa. La sivyo nani atautunza?"

Akaendelea na mahindi yake.

Elia alinitazama, nikamtazama, hakuna aliyecheka mpaka baba alipoingia ndani.

Sasa nimeuzidi umri aliokuwa nao baba siku ile, na leo nimemkumbuka sana. Sikuwahi kumuuliza. Mtu aliyekuwa akiondoka harusini dansi likianza, je, aliamini kweli kwamba wimbo unaweza kuokoka? Au aliuona tu uso wangu pale uani, akatafuta neno la kikanisa la kuniachia gitaa?