Simu Niliyompigia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itawakuta mkiwa salama, wewe, wifi na watoto, na kwamba kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya nne, dirisha linatazamana na ukuta, na mpishi wa bweni bado anachemsha kila kitu mpaka kinasahau jina lake.

Uliwahi kuniuliza tunasoma nini hasa, maana wewe umekaa miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha la benki na hukuona cha kusomea miaka miwili. Tunasoma benki za dunia nzima, kaka. Tunalinganisha nchi ambazo serikali humhakikishia mwenye akiba kuwa atalipwa hata benki ikifa, na nchi ambazo kila mtu na lwake. Tunasoma jinsi benki zinavyokopeshana zenyewe kwa zenyewe, na jinsi soko hilo linavyoganda siku zinapoacha kuaminiana. Mwalimu wetu, mama mfupi asiyecheka, alituambia siku ya kwanza kwamba hakuna benki ya kawaida inayoweza kuwalipa wateja wake wote asubuhi moja. Iliyo nzima na inayougua, hapo ni sawasawa. Inaishi kwa sababu watu hawaji wote kwa pamoja.

Kisha yakawafika ninyi. Wifi aliniandikia yote: foleni ya Jumatatu iliyoanza kabla hujafungua mlango, na jinsi ulivyolipa mpaka droo ikabaki mbao tupu. Ulipanda juu ya kiti ukawaambia watu watulie, fedha ziko njiani kutoka makao makuu, na mtu akakurushia kiatu. Kioo cha mlango kilipovunjika, yule mzee mlinzi mliyemwita Babu Kofia alibanwa ukutani. Wifi anasema wewe ndiye uliyemshika kichwa mpaka alipokata roho, na shati lile hujakubali lifuliwe.

Sasa wachunguzi wanasema wewe ndiye uliyetoboa siri. Mtu wa kwanza kutoa akiba yake yote alikuwa mama, Jumamosi, siku mbili kabla ya foleni. Nani mwingine angemwambia, kama si mwanawe aliye ndani? Umeapa, hawakusadiki. Majirani wanakupita kama nguzo. Wifi anasema kila ukimwuliza mama, jibu lake ni moja: aliota ndoto mbaya.

Kaka, mama hakuota. Ni mimi niliyempigia simu.

Ijumaa ile mwalimu alitupa taarifa za benki ndogo thelathini kutoka nchi mbalimbali, tuseme ipi imara na ipi inayumba. Nikaikuta yenu. Moyo ulinipasuka kwa fahari, kisha kwa hofu, maana niliona madeni ya kulipwa ndani ya miezi sita yamezidi fedha zote mlizonazo. Nilitoka mbio hadi kwenye ukumbi. Nilifikiria kukupigia wewe, lakini niliogopa utacheka na kuniita mtoto. Nikampigia mama, nikamwambia atoe zote kesho na asimwambie mtu. Akaniuliza, "Hata kaka yako?" Nikamjibu hata yeye.

Alitii, ila kwa mtu mmoja tu. Alimwambia yule rafiki yake fundi cherehani, hakuweza kumwacha azame. Na unajua wateja wangapi huingia kwa fundi siku ya Jumamosi.

Wiki mbili baadaye mwalimu alinirudishia kazi yangu. Alikuwa amezungushia duara jekundu safu moja ya tarakimu. Nilikuwa nimesoma miaka nikadhani ni miezi. Madeni yale yalikuwa ya kulipwa kidogo kidogo kwa miaka sita. Pembeni aliandika, "Benki hii ni nzima." Kufikia siku hiyo ilikuwa imefungwa siku ya kumi.

Nilimwambia mama nitakueleza. Akasema, "Wewe una masomo. Kaka yako ni mtu mzima, atayamaliza." Sikubishana naye. Nilishukuru, kaka. Kwa miezi mitano nimefanya mitihani, nimekula na nimelala, huku wewe ukiitwa na kuhojiwa kwa kosa langu.

Jana niliwaandikia wachunguzi. Nimeambatanisha karatasi ile yenye duara, na siku na saa niliyopiga simu. Nilipomweleza mwalimu, aliuliza kama una watoto. Masomo nimeyaacha. Nitafika Jumanne jioni, usije kunipokea. Ukitaka niende moja kwa moja kituo cha polisi, nitakwenda na mzigo wangu mkononi. Kwa jamaa za yule mzee sijui hata nianze na neno gani. Kama wananijua kwa jina au hawanijui, nitakwenda kukaa mbele yao.

Mama hajui kuwa nakuandikia. Tafadhali, usimfokee, mimi ndiye niliyemfunga ulimi, naye alidhani anaokoa mtoto.

Wape watoto salamu zangu, lakini barua hii usiwasomee. Wifi msomee yote. Mwambie hakukosea kukuamini, hata siku moja.

Ni mimi,
mdogo wako wa mwisho